Shingo Ngumu, Mgongo Mzito: Kinachowakaza Misuli Wanaoshinda Mezani

Mwezi wa Juni huwa mrefu katika ofisi za kaunti. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30, na kabla ya siku hiyo vocha lazima ziwe zimeingizwa katika mfumo wa IFMIS, malipo ya wanakandarasi yawe yamepitishwa na ripoti za idara ziwe zimekamilika. Wahasibu, maafisa wa ununuzi na makarani huingia mapema na kutoka usiku. Ifikapo wiki ya pili, baadhi yao wakiitwa kwa nyuma hugeuza mwili mzima, maana shingo haigeuki. Wengine huinuka kitini kwa kushikilia meza, kisha hutembea hatua nne tano wakiwa wameinama kabla ya mgongo kukubali kunyooka.

Lawama huenda kwa umri, kwa upepo wa feni au kwa godoro. Magodoro mabaya yapo, na feni inayopuliza shingoni siku nzima humsumbua mtu. Lakini kwa wengi chanzo kikubwa kiko mezani pale pale: saa nyingi za kutosogea. Chakula na maji navyo vina sehemu yao.

Mtu anayechapa kwenye tarakilishi hujiona hafanyi kazi ya nguvu. Misuli yake ina habari tofauti. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, sawa na mtungi wa maji wa lita tano. Kikikaa wima juu ya mabega, sehemu kubwa ya uzito huo hubebwa na mifupa. Kikisogezwa mbele kuelekea kioo cha tarakilishi au kuinamia simu, misuli ya kisogo na ya mabega ndiyo inayokizuia kisianguke. Anayebeba ndoo ya maji kichwani analijua jambo hili bila kufundishwa. Hunyoosha shingo njia nzima, kwa sababu ikiinama kidogo tu uzito wote humlemea.

Tofauti na kazi ya shambani ni hii. Anayelima hukaza msuli na kuulegeza, tena na tena, na kila unapolegea damu mpya huingia. Msuli unaoshikilia kichwa mahali pamoja kwa saa mbili haulegei. Mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake hubanwa, oksijeni hupungua, na neva huanza kupeleka ujumbe wa maumivu. Mwili hujibu kwa kuukaza msuli zaidi. Ndiyo sababu mkulima huchoka mwili mzima akalala vizuri, ilhali karani ambaye hakuinua hata rimu moja ya karatasi huamka na shingo imekakamaa.

Nyonga nazo huathirika. Misuli ya mbele ya nyonga hukaa imejikunja muda wote mtu anapokuwa kitini, na baada ya miezi huizoea hali hiyo. Akisimama, huuvuta mgongo wa chini kwenda mbele. Maumivu husikika kiunoni ingawa shida imeanzia mbele.

Kwa hiyo hata kiti cha bei ghali hakimwokoi anayekaa saa nne mfululizo. Kukaa wima kama askari kwenye gwaride nako huchosha. Kinachosaidia ni kubadilisha mkao mara kwa mara na kusimama kila baada ya nusu saa hivi, hata kwa dakika moja au mbili.

Maji yanayoepukwa

Hapa pana jambo ambalo halizungumzwi sana ofisini. Wanaohudumu dirishani, hasa wanawake, wengi huepuka kunywa maji. Foleni ni ndefu, hakuna wa kushika nafasi, choo kiko jengo jingine au ufunguo wake uko kwa mtu asiyeonekana. Njia rahisi ni kutokunywa. Katika joto la Pwani, mtu anayetoka jasho tangu kwenye matatu hufika saa nane mchana akiwa amekunywa vikombe viwili vya chai tu.

Msuli kwa sehemu kubwa ni maji, karibu robo tatu ya uzito wake. Mwili ukipungukiwa, mtu huchoka upesi, kichwa huuma, na wengine hubanwa na misuli ya miguu usiku. Anayejizuia kwenda haja ndogo siku nzima hujiweka pia katika hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo. Mkojo wenyewe hutoa habari: ukiwa wa rangi ya manjano hafifu maji yanatosha, ukiwa mzito kama chai kavu, hayatoshi.

Maji yana faida ya pili ambayo kiti hakiwezi kuitoa. Anayekunywa maji hulazimika kuinuka. Safari ya kwenda msalani na kurudi hunyoosha nyonga, hulegeza mabega na kuyapumzisha macho. Msimamizi anayepanga zamu ili kila aliye dirishani apate mtu wa kumshikia nafasi kwa dakika tano, asubuhi na alasiri, atakuwa amefanya zaidi ya anayenunua mito ya kuegemea. Na ufunguo wa choo ukae mahali panapojulikana.

Kwa anayefunga mwezi wa Ramadhani, maji hunywewa kidogo kidogo kati ya futari na daku. Kuyabugia yote kwa mara moja huishia chooni tu. Mchana, kusimama na kutembea ndiko kunakobaki, na hakuna anayekatazwa.

Sahani ya saa saba

Hakuna chakula kinachofungua shingo iliyokaza. Anayesema mchuzi fulani au mbegu fulani humaliza ugumu wa misuli kwa siku tatu anauza kitu. Chakula hufanya kazi yake polepole: kwa kuupa msuli madini unayohitaji ili kukaza na kulegea, kwa kutengeneza damu, na kwa kuuzuia uzito usizidi kiasi cha kulemea kiuno na magoti.

Mbaazi za nazi na mahamri ni mfano mzuri, kwa kuwa chakula chenyewe hakina ubaya ambao watu hukisingizia. Mbaazi zina protini, potasiamu na magnesiamu, na haya mawili ya mwisho ni miongoni mwa madini ambayo msuli huyategemea. Tatizo huwa ni vipimo. Kijiko kimoja cha mbaazi, mahamri manne, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Kugeuza hesabu, mbaazi zikawa nyingi na mahamri mawili, hakugharimu chochote zaidi. Mchana, chipsi na soda hushibisha upesi na kuleta usingizi saa nane, wakati ambapo mtu huteleza kitini na mgongo kupinda. Sahani ya wali au ugali yenye maharagwe au samaki, na mchicha, kisamvu au mchunga wa kutosha, humfikisha jioni akiwa macho.

Ndizi imepewa sifa nyingi kuhusu kubanwa na misuli. Ina potasiamu, lakini viazi vya kuchemsha na maharagwe havina upungufu mbele yake. Vidonge vya madini haya si vya kununua kiholela, kwani mwenye ugonjwa wa figo anaweza kudhurika na potasiamu iliyozidi.

Chai nayo ina neno lake. Ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye mboga na nafaka. Mwanamke mwenye upungufu wa damu huchoka, na mwili uliochoka hukaa vibaya. Kusubiri saa moja hivi baada ya kula kunatosha. Chumvi ihesabiwe pia: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa iliyomo kwenye supu, bhajia na achari. Na ingawa Pwani haina uhaba wa jua, anayeingia ofisini asubuhi na kutoka jioni anaweza kukosa vitamini D, na upungufu wake huleta maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli. Kutembea nje kidogo wakati wa chakula cha mchana husaidia.

Meza yenyewe

Marekebisho mengi hayahitaji bajeti. Kioo cha tarakilishi kikiwa chini, rimu mbili tatu za karatasi hukiinua hadi sehemu yake ya juu ilingane na macho. Kipakatalishi kinasumbua zaidi kwa sababu kioo na kibodi vimeshikana. Anayekitumia kila siku anahitaji kibodi ya pembeni. Miguu ifike sakafuni, au iwekwe juu ya sanduku la faili. Kipanya kiwe karibu, ili mkono usinyooshwe mbali siku nzima. Anayesogea mbele daima kwa sababu haoni maandishi hahitaji kukandwa shingo. Anahitaji kupimwa macho.

Simu inaweza kupokelewa kwa kusimama. Swali kwa mwenzake aliye chumba cha pili linaweza kupelekwa kwa miguu badala ya WhatsApp. Kuzungusha mabega mara kumi, kuvuta kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, na kusimama huku mguu mmoja ukiwa nyuma ili kunyoosha nyonga ni mazoezi yanayofanyika hata kwenye ofisi finyu. Baada ya kazi, kushuka matatu steji moja kabla humwongezea mtu dakika kumi au kumi na tano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na dakika hizo huhesabika.

Wengi hukimbilia duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza, lakini zikimezwa wiki baada ya wiki zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, hasa kwa asiyekunywa maji. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, au ugonjwa wa figo, na mama mjamzito, asizitumie bila kuuliza mhudumu wa afya.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inawahusu pia wanaokaa mezani. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa mwajiri na wa wafanyakazi. Kiti kilichovunjika egemeo, dirisha la huduma lililo juu mno au choo kilichofungwa ni mambo ya kupelekwa kwa kamati hiyo kwa maandishi.

Si kila ugumu unatokana na kiti. Maumivu ya kifua yanayoenda begani, mkononi au taya, homa yenye shingo isiyoinama, ganzi kati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu lake ni dharura. Mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Homa ya ghafla yenye maumivu ya viungo ipimwe, kwani Pwani kuna malaria na dengi, na Mombasa ilikumbwa na mlipuko wa chikungunya mwishoni mwa 2017. Kidole gumba cha mguu kinachovimba na kuwaka usiku huenda ni jongo.

Ugumu wa kawaida ukipita wiki mbili au tatu licha ya kusogea na kunywa maji, zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kumpima mtu na kumwelekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali kubwa. Aende na majina ya dawa zote anazotumia. Baadhi ya dawa za kupunguza kolesteroli huleta maumivu ya misuli, na daktari asipoambiwa anaweza kuhangaika na kiti bure.