Goti Huumia Kwenye Mteremko

Anayejiandaa kupanda Kilimanjaro hufanya mazoezi ya kupanda, na anayejiandaa kwa nusu marathoni ya Moshi hufikiria zaidi kile kipande cha kupandisha Mweka. Wote wawili wana sababu, maana kupanda ndiko kunakokata pumzi. Lakini kuchoka si kuumia. Mlima ukipandwa, kazi kubwa ni ya moyo na mapafu. Ukishukwa, kazi inahamia kwenye paja, goti na kifundo cha mguu, na huko hakuna pumzi ya kumwonya mtu apunguze mwendo. Mgeni wa njia ya Machame hupewa siku kadhaa za kukaribia kilele cha Uhuru, mita 5,895, kisha siku hiyohiyo ya kileleni huteremshwa hadi kambi ya Mweka, karibu mita 3,100. Hizo ni mita 2,800 hivi za kushuka, kwa miguu iliyokesha ikitembea.

Tofauti iko ndani ya msuli. Unapopanda, msuli wa mbele ya paja hujikunja ukisukuma mwili juu. Unapoteremka, msuli uleule hulazimika kurefuka huku ukizuia mwili usiporomoke, na kazi hiyo ya kuzuia huchana nyuzi zake ndogondogo. Ndiyo maana maumivu hayaji siku ya safari, bali kesho yake, na hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Maumivu hayo hupona yenyewe. Hatari halisi hutangulia: msuli uliochoka hauzuii tena vizuri, mzigo unaangukia sehemu ya nyuma ya kilegesambwa, na hatua inakosa uangalifu. Kifundo kikipindukia ndani juu ya jiwe, kano za upande wa nje huchanika. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza upesi. Zoezi moja tu la kuteremka, likifanywa kwa kiasi, huukinga kwa majuma kadhaa dhidi ya kuchanika kwa namna hiyo. Fimbo mbili za kutembelea nazo si mapambo: utafiti uliofanywa Austria na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba hupunguza mzigo wa goti kwenye mteremko kwa asilimia 12 hadi 25.

Atatokea wa kusema kwamba wagumu, wapagazi wetu, hushuka na mizigo bila fimbo wala mazoezi hayo, na akina mama wa Kibosho na Old Moshi huteremka sokoni na mikungu ya ndizi kichwani tangu wasichana. Ni kweli, na kwa sehemu ndilo jibu lenyewe: wanaoteremka kila juma wanafanya mazoezi kila juma. Ila tunaowaona njiani ni wale ambao magoti yao bado yanawaitikia. Aliyeshindwa yuko nyumbani kihambani, wala hahesabiwi. Kwa hiyo kikomo cha kilo 20 alichowekewa mpagazi kinastahili kulindwa kwa mizani katika kila lango, kwa sababu uzito wa kila kilo ya ziada huongezeka mara kadhaa ndani ya goti linaloshuka.

Wengine huogopa kwamba mbio zenyewe husaga gegedu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2017 ulikuta ugonjwa wa kusagika kwa nyonga au goti kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba mbio ni dawa, lakini haziungi mkono woga huo kwa anayekimbia kujifurahisha. Kinachodhuru ni kuongeza mazoezi ghafla. Basi anza miezi miwili kabla: shuka ngazi taratibu kwa mguu mmoja mmoja, simama kwa mguu mmoja kuimarisha kifundo, kisha teremka vilima vifupi kwa hatua fupi na goti lililokunjwa kidogo. Juma la mwisho acha miteremko mikali.

Na ukishateguka, usikimbilie kukandwa. Kanuni iliyotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, ni rahisi hata kwa asiye daktari: asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia mfupa wa kifundo ukibonyezwa kwenye ncha yake au ukingo wake wa nyuma, apigwe eksirei, iwe hospitali ya KCMC mjini Moshi au kituo kingine chenye mashine. Kukanda mfupa uliovunjika husogeza vipande, na mianzi iliyokazwa na mwunga mifupa inaweza kuzuia damu. Vidole vikifa ganzi, vikipoa au kubadilika rangi, kifungo kilegezwe saa hiyohiyo na mgonjwa apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi.