Mtoto Mmoja Akikataa, Wengi Hutulia

Msomaji mmoja ametuandikia kuhusu mwanawe wa darasa la tatu. Wenzake walimwona kinyonga kwenye ua wa michongoma, wakaanza kumpopoa kwa mawe. Yeye akaficha mikono mgongoni, akasema, "Mimi simpigi." Wakamwita mwoga. Mama anauliza: mwanangu ni legelege?

Kwamba watoto huigana, kila mzazi anajua. Kinachonifurahisha mimi ni hesabu yake. Mwaka 1978 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kwamba kila mtu ana idadi ya wenzake anaotaka kuwaona wameanza kabla naye hajajitosa. Idadi hiyo naiita kizingiti. Ningeweza kusema "kiwango cha mwitikio", lakini hilo linanuka ofisi. Isitoshe, kizingiti huvukwa.

Sasa tuweke watoto kumi penye ule ua. Wa kwanza ana kizingiti cha sifuri: hamngoji mtu, anaokota jiwe na kurusha. Wa pili alikuwa akingoja mmoja, kashampata, anarusha. Wa tatu alitaka wawili, hao hapo. Wa nne watatu. Hivyo hivyo mpaka wa kumi, mpole kuliko wote, aliyehitaji kuona tisa, naye anarusha. Mpita njia ataapa kwamba hao wote ni makatili, kumbe aliyeanza bila kusukumwa ni mmoja tu.

Haya, mbadilishe yule wa pili tu: agome. Wa tatu anahesabu, anaona mmoja. Jiwe linabaki mkononi. Wa nne anamtazama wa tatu, anasita. Hakuna aliyehubiriwa, hakuna aliyechapwa, watoto tisa ni wale wale, na mawe kumi yamekuwa moja. Granovetter alipiga hesabu hiyo kwa watu 100: badiliko dogo kwa mmoja, ghasia za mia zikaishia kwa mtu mmoja.

Bila shaka maisha si hesabu tupu: mtoto humtazama rafiki kuliko mgeni. Hata hivyo, kukataa kwa mmoja huonekana kufanya kazi hata nje ya hesabu: watafiti wa Canada waliwarekodi kwa video watoto viwanjani mwa shule za Toronto. Kwa matokeo yao ya 2001, wanafunzi walipoingilia uonevu, asilimia 57 ya mara hizo ulikoma ndani ya sekunde 10.

La, mama, si legelege. Ila anayegoma akiwa wa kumi amechelewa. Mzoeze kusema "simpigi" mapema, na kwa sauti.