Dagaa wa Kigoma au wa Mwanza? Pima kabla ya kulipa

Mfanyabiashara anayenunua dagaa kwa gunia bila kufungua kamba anacheza kamari. Dagaa wa Kigoma huuzwa bei ya juu kuliko wa Mwanza katika masoko mengi nchini, na tofauti hiyo ndiyo inayowashawishi baadhi ya wauzaji wa jumla kuchanganya. Juu ya gunia huwekwa wa Kigoma, katikati na chini wa Mwanza. Rangi haisaidii, kwani wote wakikaa sana hufifia.

Samaki hawa si ndugu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo wa sadini wa baharini. Wa Ziwa Victoria, ambaye Kenya huitwa omena na Uganda mukene, yuko upande wa akina ningu. Kwa hiyo alama zipo, hata kwa samaki mkavu.

Chukua dagaa kumi kutoka katikati ya gunia, uwaloweke kwenye maji ya vuguvugu hadi walainike. Pitisha kidole tumboni kutoka mkiani kuelekea kichwani. Wa Kigoma ana magamba makali yaliyojipanga kama meno ya msumeno. Wa Mwanza tumbo lake ni laini. Kisha tazama pezi la mgongoni. La Kigoma liko karibu na katikati ya mgongo, la Mwanza limerudi nyuma kuelekea mkiani. Usipa wa Ziwa Nyasa naye hana msumeno.

Kazi huwa ngumu ndani ya gunia la Kigoma lenyewe. Humo kuna aina mbili: dagaa hasa, Stolothrissa tanganicae, mwembamba na kwa kawaida hazidi sentimeta 10, na lumbu, Limnothrissa miodon, mnene zaidi, anayeweza kufika sentimeta 17. Lumbu mdogo humdanganya hata mzoefu. Lumbu huyo ndiye aliyepandikizwa Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na ndiye kapenta wa huko. Akiwa Kariba hubaki mdogo, hivyo anayeletewa kapenta kwa jina la Kigoma hatasaidiwa na msumeno wala rula. Hapo dai karatasi za mzigo.

Uchanganyaji hunoga mzigo unapoadimika. Wavuvi hutumia taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi hupunguza mavuno kila mwezi. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei. Ukiuziwa "Kigoma mpya" kwa wingi wakati kama huo, uliza maswali mara mbili.

Mchanga nao hupimwa kwenye mizani. Kilo 2 za mchanga katika gunia la kilo 40 ni asilimia 5 ya fedha yako. Dagaa walioanikwa kwenye chanja hawana tatizo hilo. Walioanikwa chini, pindua gunia kwanza na uchukue sampuli kutoka kitako chake.