Masika Si Msimu wa Nyanya

Mvua za masika zinapoanza, wengi wenye bustani za nyumbani Lushoto au Limuru hukimbilia kupanda nyanya. Afadhali waanze na mboga za majani. Ugonjwa wa nyanya uitwao bakajani chelewa hupenda baridi na unyevu: jani la nyanya likilala na maji hutoa mabaka ya kahawia, chini yake ukungu mweupe, na shamba zima laweza kuteketea kwa siku chache. Sukuma wiki na spinachi hazipati ugonjwa huo.

Wapo watakaosema nyanya hupanda bei masika, kwa hiyo ndio wakati wa kuzilima. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye kitalu nyumba; bustani ya uani isiyo na paa itadai dawa mara kwa mara, tena kwenye chakula cha watoto. Anayetaka tunda badala ya nyanya apande stroberi: huvumilia ubaridi, mradi zipandwe kwenye tuta lililoinuka, na pale majani yanapochipukia pawe usawa wa udongo: pakifukiwa huoza, pakiachwa juu mno mizizi hukauka. Tandaza nyasi kavu ili matunda yasiguse tope, na uondoe upesi lolote lililoota ukungu wa kijivu, maana huambukiza mengine.