Msingi ni Miaka 9, Siyo 6



Mwezi uliopita mama mmoja wa kutoka Minago alikuja shuleni na binti yake. Akatuambia: "Walimu, nashukuru sana. Huyu amemaliza la sita, amepita vizuri. Sasa anisaidie kuuza ndagala sokoni." Tukamuuliza mbona anamtoa. Akashangaa yeye. "Si amemaliza msingi? Baba yake aliishia la sita. Na jirani yetu Mtanzania, mwanawe kamaliza la saba, basi. Kuna nini tena?"

Hatukumcheka, kwa sababu siyo yeye peke yake. Tangu mwaka huu uanze tumesikia maneno hayo mara nyingi, na kila mara ni mtoto mwenye akili anayetaka kutolewa darasani.

Waliosoma Burundi zamani wanajua ilivyokuwa. Miaka sita, halafu konkuri. Aliyekosa pointi alirudia la sita, pengine mara mbili, kisha akarudi nyumbani. Kule kwetu ziwani nyumbani maana yake inajulikana: mvulana anaingia mtumbwini usiku na taa, msichana anaanika ndagala mchangani au anakwenda kukamua mawese. Siyo kazi ya aibu, wengi wetu tulilipiwa madaftari na pesa hiyo hiyo. Ila mtoto alikatwa bado mdogo, na hakuna aliyemfundisha hata kuandika hesabu ya mtaji wake.

Tena zamani ndivyo ilivyotakiwa. Mabadiliko ya mwaka 1973 yalileta Kirundi darasani, jambo zuri, lakini pia yalitaka shule ya msingi imwandae mtoto abaki kijijini alime. Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi ikafutwa, watoto wakajaa. Mwaka 2007 Burundi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili na Kiingereza vikapewa nafasi kuanzia madarasa ya chini. Halafu ikaja sheria ya Septemba 2013, ambayo ndiyo inatuhusu hapa. Shule ya msingi ikawa ekofo, miaka 9, yenye ngazi nne: la kwanza na la pili, la tatu na la nne, la tano na la sita, kisha la saba hadi la tisa. Konkuri ya la sita ikaondoka. Mtihani wa taifa sasa uko mwisho wa la tisa, na wa kwanza waliufanya mwaka 2016. Anayepita anaendelea miaka 3 mingine: masomo ya jumla, ualimu au ufundi.

Kwa hiyo mtoto aliyeishia la sita leo hana alichomaliza. Amesimama katikati ya njia.

Na hiyo miaka mitatu ya mwisho ndiyo yenye utamu. Kuna lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Kuna hesabu, sayansi na teknolojia, na kuna somo la ujasiriamali, yaani jinsi ya kuanzisha kazi yako na kuiendesha. Fikirieni msichana wa Minago. Samaki wa ziwa letu wanauzwa Bujumbura, na ng'ambo ya maji ni Kongo, ukishuka kusini ni Kigoma. Anayejua kuandika faida na hasara, na anayeongea na mteja kwa lugha yake, hapunjwi kirahisi.

Hatusemi mambo yote yamekaa sawa. Programu mpya ilifika kabla ya vitabu, na mwalimu aliyesomea biolojia alijikuta anafundisha fizikia na kemia pia. Sisi wa kujitolea tunalijua hilo vizuri, usiku tunasoma kile tutakachofundisha asubuhi! Lakini mtoto wa la saba akikaa nyumbani kungoja mambo yanyooke, atazeeka.

Yule mama hakutujibu siku ile. Alisema ataongea na mume wake, maana pesa ya sokoni ndiyo inayonunua sabuni na chumvi. Hatukuwa na jibu la sabuni. Tulichomwambia ni kwamba masomo yanaisha mchana, na soko la jioni bado lipo. Jumatatu binti alikuja, kachelewa kidogo, akakaa mstari wa mbele.

Wazazi wenye watoto waliopita la sita na hawajaandikishwa la saba, njooni Alhamisi saa nane mchana, darasa la mwisho karibu na bomba. Leteni buletini ya mwisho. Iliyolowa au kupotea, njooni hivyo hivyo, tutaangalia daftari la majina pamoja. Na buletini mlizonazo msizikunje wala msizifungie chumvi, zitieni kwenye mfuko wa plastiki. Siku ya kurudi nyumbani, direkta wa kule ataziulizia kwanza.