Mahali Ambapo Jicho Halioni

Unasoma ukurasa huu kwa macho yako. Lakini je, unajua kwamba ndani ya kila jicho pana mahali pasipoona kabisa? Huo si ugonjwa. Kila mtu yuko hivyo, kijana na mzee. Usikubali kwa kuambiwa tu. Jaribu mwenyewe.

Jaribio

Weka mezani daftari lako, ukurasa mtupu ukiwa juu. Weka punje moja ya mahindi upande wa kushoto. Pima upana wa vidole vinne kwenda kulia, kisha weka harage moja.

Sasa fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia, tazama punje ya mahindi tu. Usilitazame harage, ingawa utaliona kwa pembeni. Inamisha kichwa polepole, jicho likiwa juu ya punje ya mahindi. Utakapobakiza kama sentimeta 30, yaani shibiri moja na kidogo, harage litatoweka. Ukizidi kuinama, litaonekana tena.

Harage halikuondoka. Jicho lako ndilo halikuliona.

Kwa nini iko hivyo?

Nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna utando mwembamba. Mwanga ukiingia kwenye jicho huangukia utando huo. Utando hupeleka habari kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu. Pale mshipa unapotokea jichoni, utando hauna sehemu za kupokea mwanga. Kitu ambacho mwanga wake unaangukia hapo hakionekani.

Mfaransa mmoja, Edme Mariotte, alipagundua mahali hapo katika miaka ya 1660. Alitaka kujua kama jicho linaona zaidi au linaona kidogo pale penye mshipa. Alibandika vikaratasi viwili ukutani, akafumba jicho moja, akarudi nyuma polepole. Kikaratasi kimoja kikatoweka.

Basi kwa nini siku zote hatulioni pengo hilo? Kuna sababu mbili. Kwanza, tuna macho mawili. Kile ambacho jicho moja halikioni, jicho la pili hukiona. Pili, ubongo huziba pengo. Rudia jaribio uangalie vizuri. Harage linapotoweka, huoni shimo wala giza. Unaona karatasi tupu, kama pale pembeni. Ubongo umechukua kilicho karibu na kukijaza mahali pasipoonekana. Kwa hiyo huoni, na hujui kwamba huoni.

Dereva naye

Dereva wa lori ana vioo vya pembeni. Hata hivyo, kuna mahali ambapo vioo hivyo havimwonyeshi kitu. Mahali pamoja ni nyuma kabisa ya gari. Mtoto akicheza hapo, dereva hamwoni. Katika kioo anaona barabara tu, naye hudhani njia ni nyeupe. Ndiyo maana dereva mwangalifu huzunguka gari kabla ya kurudi nyuma, au huomba mtu asimame chini amwongoze. Nawe ukipita karibu na lori, kumbuka hili: ikiwa huoni uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni wewe.

Moyo nao una mahali pasipoona

Wazee walisema, "Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe." Mimi niliyeandika habari hii ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nitawaeleza yaliyonipata.

Katika kijiji kimoja darasa letu lilianza saa kumi alasiri. Wanaume walifika mapema. Wanawake walichelewa karibu kila siku. Katika taarifa yangu niliandika kwamba wanawake wa pale ni wavivu wa kusoma. Siku moja nilimkaripia mama mmoja mbele ya darasa zima. Alikaa kimya mpaka mwisho wa kipindi. Kesho yake hakuja.

Baada ya wiki moja bibi mmoja, mwanakisomo mzee kuliko wote, aliniambia, "Mwalimu, kesho twende kisimani." Nikaenda. Kilikuwa kiangazi, maji yalitoka kidogo kidogo. Saa kumi ilipofika, mbele ya ndoo yetu zilikuwa bado ndoo kumi na mbili. Wanawake wa darasa langu wote walikuwa pale kwenye foleni.

Saa ya darasa tulikuwa tumeipanga mimi na kamati. Wote tulikuwa wanaume. Hatukuwa na nia mbaya. Ila hakuna kati yetu aliyekuwa akiteka maji. Hatukukiona kisima, na wala hatukujua kwamba kuna kitu hatukioni. Pengo lile tulilijaza kwa neno lililokuwa karibu, yaani "uvivu".

Tuliwaita wanawake wapange saa pamoja nasi. Wakachagua saa nane mchana. Mahudhurio yakawa mazuri. Lakini yule mama niliyemkaripia hakurudi. Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji ya kunywa, lakini darasani hakurudi tena.

Tufanye nini?

Mahali pasipoona hapaondoki kwa kukaza macho. Ulipolitafuta harage kwa jicho moja, hukuliona. Ulipofungua jicho la pili, ukaliona mara moja. Katika maisha jicho la pili ni mwenzako. Ni mke, mume, mtoto, jirani, hasa yule ambaye kwa kawaida haulizwi.

Basi kabla hujasema, "Fulani ni mvivu," au "Fulani ana kiburi," muulize kwanza siku yake inakwendaje. Nawe ukionyeshwa usichokiona, usikasirike. Bibi yule angeweza kuninyamazia.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini hatulioni pengo lililomo ndani ya jicho?
2. Dereva mwangalifu hufanya nini kabla ya kurudisha gari nyuma?
3. Mwandishi alijaza pengo lake kwa neno gani? Ukweli ulikuwa nini?
4. Katika kijiji chenu, ni nani ambaye haulizwi mambo yanapopangwa?