Somo la Leo: Kula Hotelini Safarini

Hedaru iko kando ya barabara kuu itokayo Korogwe kwenda Same, na wasafiri hula hapa pamoja na watoto wao. Ukiingia hotelini, kwanza soma bei. Tuseme sahani ya wali na maharage ni shilingi 2,000. Watu 4 mtalipa shilingi 8,000. Fanya hesabu kabla ya kuagiza, usije ukala nauli. Pili, naweni mikono kwa sabuni. Tatu, jihadharini na wali uliokaa vuguvugu kwa saa nyingi. Huota vijidudu, na sumu yao haiondoki hata ukipashwa moto tena. Mtoto atatapika njiani. Basi uliza, na sasa andika daftarini: “Wali huu umepikwa saa ngapi?”